Toa darizi kabatini: vimto vya pini na mapambo ya kuning'iniza

Juu ya kabati langu palikuwa na boksi la viatu ambalo sikupenda mtu alifungue. Ndani mlikuwa na vipande 23 vya darizi ya msalaba, vyote vimeshonwa hadi mshono wa mwisho, vimekunjwa, havina kazi. Jogoo, maua, herufi ya jina la mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili. Siku moja mama mdogo alilishusha akitafuta cheti, akavitandaza kitandani kimoja kimoja, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hivi vyote unamfumia nani?"

Sikuwa na jibu. Fremu ya kioo ni ghali, na ukuta nao una mwisho. Nilichokuja kugundua ni kwamba kipande kidogo hakihitaji ukuta. Kigeuze kimto cha kuchomekea pini kitakaa kwenye meza ya fundi na kuguswa kila siku. Kigeuze pambo kitaning'inia mlangoni, kwenye kioo cha gari, kwenye mti wa Krismasi. Leo nashona na kufundisha hapa Moshi, chumba cha mbele cha nyumba yangu, si mbali na soko la Mbuyuni, na kazi kubwa ninayofundisha si kudarizi. Kudarizi wanakuja wanajua. Nafundisha kumalizia.

Kwanza jina, maana kila darasa jipya linaanza na kicheko. Mto wa kulalia na mto wa maji ni neno moja, na ukisema "kijito" watu wanafikiria mto Karanga unapopita chini ya daraja. Kwa hiyo sisi tunasema kimto. Wingi wake, vimto, unafanana na jina la kinywaji, lakini hilo tumelizoea.

Umaliziaji unaanza kabla hujachoma sindano ya kwanza. Kitambaa tunachotumia zaidi ni Aida ya 14, yaani misalaba 14 kwa kila inchi. Ukidarizi ua la misalaba 56, litakuwa na upana wa inchi 4 kamili. Piga hesabu hiyo mapema, halafu acha walau inchi moja ya kitambaa kitupu kila upande. Wanafunzi wangu wanaona kama ubadhirifu, kwa sababu Aida ni ya kuagiza na haipatikani kila duka. Lakini Aida inafumuka vibaya sana. Mtu akiniletea kipande kilichokatwa karibu na ua, mara nyingi namrudishia, kwani hakuna nitakaposhika.

Kazi ikiisha, ifue. Hata kama mikono yako ni misafi, kitambaa kimekaa kwenye ringi ya kudarizia kikanywa jasho na mafuta ya vidole, na yatajitokeza baadaye kama mstari wa njano. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini, Jiki usiikaribishe. Uzi mwekundu ndio wa kuogopa, hasa ule wa bei nafuu usio na jina. Ukiona unatoa rangi, endelea kusuuza kwa maji baridi hadi yatoke meupe, na usiguse pasi kabla ya hapo, maana moto unaifungia ile rangi kwenye kitambaa moja kwa moja. Kisha anika kikiwa kimelala. Pasi inapita mgongoni mwa kazi, uso ukiwa umelalia taulo, ili misalaba isilale chapati.

Sasa kimto chenyewe. Ninachokipenda kuliko vyote ni cha pembe nane, ambacho Wafaransa wanakiita *biscornu*, neno lao la kitu kilichopinda kisichoeleweka umbo. Ni miraba miwili tu, lakini imeunganishwa kwa kupishana: pembe ya mraba wa juu inakutana na katikati ya upande wa mraba wa chini. Hakuna hila nyingine.

Siri iko kwenye mpaka. Ukishamaliza ua lako, lizungushie mraba wa mshono wa kurudi nyuma, yaani sindano inarudi kila mara kufunga nafasi iliyoachwa, kila mshono ukichukua nafasi ya msalaba mmoja. Mimi napenda mishono 40 kila upande. Kwa Aida ya 14 inakupa mraba wa sentimita 7 na ushei, saizi inayojaa kwenye kiganja. Upande lazima uwe na idadi inayogawanyika kwa mbili, la sivyo huna katikati. Na miraba yote miwili lazima ilingane mshono kwa mshono. Niliwahi kuunganisha 40 na 41 nikijidanganya kwamba mmoja si kitu. Kimto kilitoka kimejikunja kama shingo ya mtu aliyelalia upande mmoja.

Punguza ukingo ubaki sentimita moja na nusu hivi, ukunje ndani, upige kwa kucha ili mpaka uwe ndio ukingo wenyewe. Shika miraba migongo ikitazamana. Ingiza sindano butu chini ya mshono wa kwanza wa pembe ya juu, kisha chini ya mshono wa 21 wa upande wa chini, vuta. Kitambaa hukitobi. Unashona uzi kwa uzi, mpaka kwa mpaka, na ndiyo maana kiungo kinatoka kama kamba iliyosukwa badala ya kovu. Unaendelea, mmoja juu, mmoja chini, unahesabu kwa sauti. Ukifika 20, mraba wa chini unafika pembeni na wa juu unafika katikati, na hapo chini panakunja kona. Hesabu 20 tena, sasa kona ni ya juu. Kila baada ya mishono 20 lazima kona itokee, mara nane, jumla 160. Kona isipotokea kwenye 20, umeruka mshono. Fumua hapo hapo, usiseme utafidia mbele.

Kuna hatua, kama kwenye kona ya tatu au ya nne, ambapo kitu ulichoshika hakifanani na chochote. Kimekuwa kama mfuko uliokanyagwa. Hapo ndipo wanafunzi hukiweka chini na kuniangalia usoni. Nawaambia washone tu. Acha mishono 20 ya mwisho wazi, jaza, funga. Kisha chukua vifungo viwili na uzi imara wa jinzi, pitisha katikati kutoka juu hadi chini mara mbili tatu, vuta mpaka kimto kifanye kitovu. Hapo pembe zote nane zinainuka kwa pamoja, na mtu aliyekuwa ananuna anacheka.

Cha kujaza ndiyo mada niliyoilipia gharama. Nilianza na mchele, kwa kuwa ulikuwepo jikoni. Miezi michache baadaye nikakuta vumbi la unga mezani na fukusi wakitembea juu ya ua la bluu. Nikahamia pamba. Pamba ni laini na inapatikana, lakini inavuta unyevu, na pini ikikaa humo muda mrefu inapata kutu. Kwa pambo, sawa. Kwa kimto cha pini, hapana.

Halafu nikagundua machicha ya kahawa. Huu ni mji wa kahawa, KNCU yenyewe, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, imekuwepo tangu 1933, na mikahawa ya mjini inamwaga machicha kila asubuhi. Ni mazito, kimto hakirukiruki ukichomeka pini, na kinanukia vizuri. Mteja mmoja wa Arusha akaagiza vimto 12 vya zawadi. Ilikuwa Aprili, masika imekaza. Nikaanika machicha siku mbili kwenye sinia, nikayagusa juu nikaona makavu, nikajaza. Wiki ya tatu akanipigia simu. "Dada, vimto vyako vimeota ndevu." Ukungu mweupe ulikuwa umepenya kwenye Aida, na chini ya ukungu madoa ya kahawia. Nilirudisha hela yote, na zile darizi 24 hazikupona.

Tangu hapo machicha yangu yanapita jua, kisha yanapita kaango juu ya mkaa wa moto mdogo, nikikoroga hadi yamwagike kama mchanga mkavu. Kipimo changu: kamata konzi, kaza ngumi, fungua. Yakibaki na alama ya vidole, rudisha kaangoni. Na hayaingii moja kwa moja kwenye darizi. Nashona kifuko cha ndani cha marikani, mishono miwili, kwa sababu chembe za kahawa ni ndogo na zitatokea kwenye vitundu vya Aida. Masika kamili sijazi kahawa kabisa, hata mteja akibembeleza.

Kwa kazi ya kila siku, unga wa mbao ndio mfalme. Unashika pini barabara na haupwayi. Mara ya kwanza nilipokwenda kuuomba kwa seremala, mzee alinijazia kiroba cha maranda bila kuuliza.

"Kuku wangapi?" akasema.

"Si za kuku, baba. Nataka ule unga wa chini ya msumeno. Wa mto wa sindano."

Akanitazama, akamtazama kijana wake, kisha akaniruhusu nikazoe mwenyewe. Nauchekecha mara mbili ili kusibaki vibanzi, naukausha kwenye kaango kama kahawa, na nao unaingia kwenye marikani. Kijiko cha mchanga uliooshwa na kukaushwa chini kabisa kinaongeza uzito. Sufi, ile ya mito ya kulalia, ni nzuri pia, haipendi maji na ni nyepesi, ila ichambue mbegu kwanza, na kwa kimto ishindilie hasa. Watu wengi wanajaza nusu. Kimto kinachobonyea kwa kidole hakijashiba.

Kuna umbo jingine ambalo darasani linaitwa sambusa, na halihitaji maelezo marefu. Chukua kipande ambacho urefu ni mara mbili ya upana, kunja katikati, unganisha pande mbili, kisha ule upande uliobaki wazi ufunge kwa kuuminya kinyume, mishono miwili ya pembeni ikutane katikati. Inasimama yenyewe. Watoto wanaiweza kwa saa moja.

Mapambo ndiyo yanayonilipia umeme, na msimu wake ni Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kutoka kila pembe ya nchi na kila mtu anataka kitu chenye jina la bibi au mwaka. Kinachouzika zaidi ni mlima Kilimanjaro. Na hapa naomba tuangaliane: ukiwa Moshi, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kiko kulia. Nilinakili mchoro wangu wa kwanza kwenye picha ya tembo, iliyopigwa upande wa Amboseli, ambako mambo yamegeuka. Wageni walinunua bila neno. Mzee mmoja wa Marangu alilishika pambo, akaligeuza, akaniuliza kama nimehamia Kenya. Sasa mlima umekaa sawa, na chini yake nadarizi urefu wake kwa mita, 5,895.

Kwa pambo bapa, kata vipande viwili vya kadibodi ngumu vinavyolingana. Weka tabaka moja la blanketi la zamani juu ya kimoja, tandaza darizi, geuza, kisha vuta kingo kwa uzi mrefu unaokwenda na kurudi mgongoni kama kamba za viatu, kwanza wima, halafu kwa ulalo. Gundi ya moto inamaliza kwa dakika mbili, najua. Lakini inaacha vinundu, na kwenye gari lililoegeshwa juani inalegea, darizi inateleza. Uzi haulegei. Kipande cha pili kivalishe kitambaa cha nyuma. Kanga ya zamani inapendeza kwa vile imeshalainika. Shuka la Kimasai linapendeza zaidi machoni ila ni nene na linafumuka, kwa hiyo libandike kwanza kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi hupiga pasi kwenye kola. Unganisha vipande viwili kwa mishono midogo ukingoni.

Ule ukingo haujawahi kuwa mzuri kwa mtu yeyote, unafichwa kwa kamba. Kata uzi wa kudarizi, nyuzi zote sita, urefu mara tatu ya kamba unayotaka. Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Mpwa wangu ndiye msokotaji wetu: anaingiza penseli kwenye ncha ya pili, anarudi nyuma hadi uzi ukaze, anazungusha penseli huku anahesabu, na kila akifika 100 anasimama kusikiliza kama uzi umeanza kulia. Ukianza kujikunja wenyewe akilegeza kidogo tu, umeiva. Namshikia katikati, analeta ncha yake mlangoni polepole, mimi naachia, na uzi unaruka kujisokota kama nyoka aliyekanyagwa. Funga fundo mbio, kabla haujafumuka.

Kamba inaanza na kuishia chini ya pambo, na kishada kidogo kinafunika maungio. Kitanzi cha kuning'inizia kinatoka kwenye kamba hiyo hiyo pale juu. Kama ni cha mti wa Krismasi, usitumie kijani. Mwaka juzi nilivua mapambo, nikahesabu, likakosekana moja, na nililipata ule mti uliponyauka.