Kwa nini mlinzi hodari wa kikapu anaweza asionekane kwenye takwimu?

Msimu wa 2018-19 wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, tuzo mbili kubwa za ulinzi zilikwenda kwa vijana wawili ambao takwimu zao hazifanani hata kidogo. Matisse Thybulle wa chuo cha Washington alipewa tuzo ya Naismith ya mlinzi bora. Kwa wastani alikuwa akipora mpira mara 3.5 kila mechi na kuzuia mitupo 2.3. De'Andre Hunter wa Virginia alipewa tuzo ya chama cha makocha, NABC. Wastani wake wa kupora mpira ulikuwa 0.6, na wa kuzuia mitupo ulikuwa 0.6 vilevile. Ukiwapanga wachezaji wa nchi nzima kwa kupora mpira, Thybulle utamkuta kileleni, na Hunter utamtafuta mpaka uchoke.

Makocha waliompa Hunter tuzo ile wanaishi kwa kazi hii. Kuna kitu walikiona ambacho karatasi ya takwimu haina pa kukiandika.

Karatasi ile huandika matukio. Mpira ukiingia kikapuni, mtu huandikiwa. Mpira ukigonga chuma na mtu akaudaka, huandikiwa ribaundi. Kupora mpira na kuzuia mitupo viliingia kwenye takwimu rasmi za vyuo msimu wa 1985-86 tu, na hadi leo, ukiongeza ribaundi na faulo, hizo ndizo karibu habari zote za ulinzi unazozipata pale. Lakini kazi kubwa ya mlinzi ni kufanya jambo lisitokee. Mshambuliaji anataka kupenya kulia, anamkuta mtu keshatangulia. Anageuka kushoto, njia imefungwa. Anarudisha mpira nyuma, saa ya sekunde 30 za kushambulia inayoyoma, na mwisho mwenzake analazimika kurusha akiwa mbali na mikono ya mtu ikiwa usoni. Mpira unagonga chuma, mtu wa tatu anaudaka na kuandikiwa ribaundi. Yule aliyeziba njia mara mbili haandikiwi chochote.

Kuna na upande wa pili. Mlinzi anayekurupukia pasi tatu akaipata moja, anaandikiwa moja. Zile mbili alizozikosa zimemtoa kwenye nafasi yake na kuwaacha wenzake wanne wakikabili watano, na karatasi imenyamaza. Hapo pia mfumo wa kocha una neno kubwa. Kocha wa Washington wakati huo, Mike Hopkins, alikuwa miaka mingi msaidizi wa Jim Boeheim katika chuo cha Syracuse, na alikuja na ulinzi wa eneo wa kule, kila mtu akilinda sehemu yake ya uwanja, wawili mbele na watatu nyuma. Thybulle alisimama mbele akizivizia pasi. Virginia ya Tony Bennett ilicheza kinyume chake: mmoja anambana mwenye mpira, wanne wanarudi karibu na kikapu kuziba njia, na hakuna anayeruhusiwa kukimbilia pasi ovyo. Mpe Hunter jezi ya Washington na safu yake ya kupora ingenenepa bila yeye kuwa mlinzi bora zaidi. Simpunguzii Thybulle sifa. Mikono yake ilikuwa ya ajabu kweli.

Mara nyingine karatasi husema kweli, ila husema nusu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alikichezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Misimu yake miwili ya mwisho alizuia zaidi ya mitupo minne kwa kila mechi, na miaka yote miwili, 2008 na 2009, makocha walimpa tuzo ileile ya NABC. Januari 2009 dhidi ya Providence alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia. Hakuna aliyehitaji hesabu ngumu kumtambua. Hata hivyo, tazama mechi zake za zamani na uwaangalie wapinzani: wanaingia hadi chini ya kikapu, wanamwona, wanatoka tena na mpira. Mitupo hiyo ambayo haikurushwa ilikuwa sehemu ya thamani yake, na haimo katika ile minne.

Wanatakwimu wamejaribu kuliziba pengo hili kwa kuacha kuhesabu matukio na kuhesabu pointi zinazoruhusiwa. Kipimo chao ni zamu ya kushambulia: timu inapata mpira, inaumaliza kwa kufunga, kukosa au kupoteza, zamu imekwisha. Virginia ile ilicheza polepole sana, zamu 60 hivi kwa mechi, wakati timu za mbio hupita 70. Ukihesabu pointi kwa mechi, timu ya polepole itaonekana ngome hata kama si ngome. Kwa hiyo huhesabiwa pointi kwa kila zamu 100, na watu kama Ken Pomeroy hurekebisha tena kwa ubora wa wapinzani. Kwa timu nzima, njia hii inafanya kazi vizuri mno.

Ugumu unaanza ukitaka kumgawia kila mchezaji fungu lake. Dean Oliver, aliyeijenga misingi mingi ya takwimu hizi, alitunga hesabu ya kukadiria pointi anazoruhusu mchezaji mmoja mmoja. Ukiifungua ndani utakuta jambo ambalo wengi wanaoinukuu hawalijui: asilimia 80 ya namba ya mchezaji inatoka kwenye namba ya timu yake, na asilimia 20 tu ndiyo yake binafsi. Na hata hiyo 20, sehemu yake inatokana na mitupo iliyokosewa bila mtu kuizuia, ambayo hugawanywa kwa dakika. Mchezaji dhaifu ndani ya Virginia atang'aa. Mchezaji hodari ndani ya timu mbovu atazama nayo. Ukiona watano wa timu moja wamejaa kwenye orodha ya walinzi bora wa nchi, umeiona hesabu hii kazini.

Njia ya pili ni kulinganisha: timu inaruhusu pointi ngapi kijana akiwa uwanjani, na ngapi akiwa benchi? Inavutia, maana haimuulizi amepora mangapi. Lakini fanya hesabu kidogo. Mchezaji muhimu anakaa uwanjani dakika 30 kati ya 40. Kwa mechi 33, dakika zake za benchi ni 330, sawa na zamu 560 hivi za wapinzani. Ndani ya zamu hizo wapinzani watarusha labda mitupo 200 ya pointi tatu na kufunga kama theluthi. Bahati peke yake inaweza kuongeza au kupunguza mitupo saba bila mtu yeyote kulinda vizuri zaidi au vibaya zaidi. Saba mara tatu ni pointi 21, na pointi 21 katika zamu 560 ni karibu nne kwa kila zamu 100. Tofauti ya pointi nne inatosha kumfanya kijana wa kawaida aitwe nyota, au nyota aitwe mzigo, na imeletwa na mipira iliyogonga chuma ikaingia badala ya kutoka. Bado hatujasema kwamba dakika hizo za benchi mara nyingi ni za mwisho wa mechi iliyokwisha amuliwa, huku wachezaji wa akiba wakicheza dhidi ya wa akiba.

Machi 2018, katika mashindano ya ubingwa wa vyuo, Virginia, iliyopangwa namba moja katika kundi lake, ilifungwa na chuo kidogo cha UMBC, kilichopangwa namba 16, kwa 74 kwa 54. Kwa wanaume lilikuwa halijawahi kutokea. Hunter hakucheza, alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Hadi mapumziko ilikuwa 21 kwa 21, kisha UMBC ikafunga 53 kipindi cha pili. Ni rahisi kusema: huo ndio uthibitisho wa thamani yake. Lakini UMBC walifunga nusu ya mitupo yao ya pointi tatu siku ile, na mechi moja haiwezi kubeba hoja kubwa hivyo. Ushahidi mzuri zaidi ulikuja mwaka uliofuata, katika fainali ya tarehe 8 Aprili 2019, ambapo sehemu kubwa ya mchezo Hunter alikabidhiwa Jarrett Culver, nyota wa Texas Tech. Culver alifunga mitupo 5 kati ya 22, na Virginia ikatwaa ubingwa kwa 85-77 baada ya muda wa nyongeza. Hiyo nayo ni mechi moja, ila hapa tunajua nani alimlinda nani, na kumjua huyo ni zaidi ya nusu ya kazi. Ndiyo maana timu hulipia huduma za watu wanaotazama video zamu kwa zamu na kuandika nani alikuwa mbele ya nani mpira ulipotoka mkononi.

Kwa asiye na video hizo, dakika ni kidokezo kizuri. Kila mechi timu ina dakika 200 za kugawa, na kocha hagawi kwa huruma. Kijana anayepata dakika 30 bila pointi nyingi wala ribaundi nyingi, kuna kitu kocha anakiona mazoezini na kwenye video. Daniel Myers, aliyetunga BPM, kipimo kinachokadiria mchango wa mchezaji kutokana na karatasi ya takwimu, aliingiza dakika za mchezaji moja kwa moja katika toleo lake la kwanza kwa mantiki hiyohiyo.

Ila dakika nazo zina mipaka. Chuoni faulo tano zinakutoa, kwa hiyo mlinzi mkali asiyejizuia atakaa benchi kwa sababu isiyohusu uwezo wake wa kuziba njia. Mwingine yuko nyuma ya mkubwa zaidi kwenye foleni: Hunter mwenyewe, msimu wa 2017-18, alianzia benchi na kucheza karibu dakika 20 tu. Na kocha hununua mchezaji mzima, ulinzi pamoja na ushambuliaji. Mwaka 2019, timu za ligi ya kulipwa ya NBA zilipochagua vijana wapya kwa zamu, Hunter alichukuliwa wa nne na Thybulle wa 20. Msimu wa 2020-21 Thybulle aliingia katika kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi nzima akiwa na wastani wa dakika 20 tu kwa mechi, kwa sababu akiwa na mpira mkononi wapinzani walikuwa hawamwogopi.