Je, wajua magari huenda wapi mtaa unapozuiwa?

Halmashauri ya jiji ikisimamisha nguzo katikati ya mtaa wa makazi ili magari yasikatize, malalamiko ya kwanza huwa yaleyale kila mahali: mmehamisha foleni tu. Gari lililokuwa likipita hapa litapita kule, na mwenye nyumba kando ya barabara kuu ndiye atakayevuta moshi wote. Hoja hii inaingia akilini upesi, lakini ni kweli nusu tu. Baadhi ya magari huhamia barabara ya jirani. Mengine hayaonekani tena popote.

Ugumu wa kuamini hilo unatokana na picha tuliyo nayo kichwani. Tunayafikiria magari kama maji katika mabomba: ziba bomba moja, maji yaleyale yatatafuta jingine, bila kupungua hata tone. Maji hayawezi kubadili nia. Hayawezi kuamua kusubiri hadi saa tano, wala kuona kwamba safari yenyewe haikuwa na ulazima. Dereva anaweza. Kila gari unaloliona barabarani ni uamuzi ambao mtu ameufanya: aondoke saa ngapi, apite wapi, aende duka gani, atumie chombo gani, au asiende kabisa. Wahandisi walipopanga barabara kwa hesabu za mabomba, waliuacha nje uamuzi huo.

Chukua mzazi anayempeleka mtoto shule iliyo mita mia nane kutoka nyumbani. Kwa gari, akipitia njia za panya, anafika kwa dakika chache. Mtaa ukizuiwa, inambidi atoke hadi barabara kuu, asubiri taa, azunguke. Wakati huohuo mtaa aliokuwa akiupita umetulia, na mtoto anaweza kuutembea bila kushikwa mkono kila hatua. Kutembea, ambako jana kulikuwa usumbufu, leo ndiko kwenye nafuu. Wa pili ataunganisha safari zake mbili za sokoni ziwe moja. Wa tatu atahamisha muda. Wa nne ataendelea kuendesha kwa kupitia barabara kuu, na huyo ndiye wapinzani waliyemwona. Wale watatu wa mwanzo hawaonekani, kwa sababu gari lisilokuwepo halipigi honi.

Ushahidi ulianza kukusanywa kwa uzito miaka ya 1990. Mtafiti wa Uingereza Sally Cairns na wenzake walipitia visa vya miji iliyopunguza nafasi ya magari barabarani, iwe kwa makusudi au kwa sababu ya matengenezo. Walipoongeza visa vipya mwaka 2002 walikuwa na 70 kutoka nchi 11. Katika nusu ya visa hivyo, zaidi ya asilimia 11 ya magari yaliyokuwa yakitumia barabara husika hayakupatikana tena, hata barabara za jirani zilipohesabiwa pamoja. Wastani ulikaribia asilimia 22, ila wastani huo ulivutwa juu na visa vichache vyenye upungufu mkubwa sana, kwa hiyo mimi naiamini zaidi ile 11. Tena vifaa vya barabarani huhesabu magari, havihesabu nia za watu: gari lililohamia njia ya mbali, nje ya eneo linalopimwa, nalo litaonekana kama limetoweka.

Dhana nyingine ya kusahihisha ni hii ya kusema mtaa “umefungwa”. Mara nyingi haukufungwa. Mkazi anafika kwake kwa gari, mzigo unashushwa mlangoni, gari la taka linaingia. Kinachozuiwa ni kuingia upande huu na kutokea upande wa pili. Tofauti inaonekana ndogo, kumbe ndiyo mpango wenyewe.

Mji wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, ulilifanya hilo kwa mji mzima wa kati mwezi Septemba 1977. Mpango ulisukumwa na mwanasiasa kijana, Max van den Berg, huku wafanyabiashara wengi wakiupinga. Katikati ya mji paligawanywa sehemu nne. Kila sehemu ilifikika kwa gari kutoka barabara ya mzunguko, lakini huwezi kutoka sehemu moja ukaingia nyingine moja kwa moja: unarudi nje, unazunguka, unaingia tena. Baiskeli na mwenda kwa miguu wanavuka watakavyo. Kwa hatua hiyo, safari fupi ya gari ikawa ndefu na ya baiskeli ikabaki fupi, bila kumpigia mtu yeyote mahubiri juu ya afya wala mazingira. Ni kweli kwamba Groningen ni tambarare, si mkubwa, umejaa wanafunzi, na baiskeli zilikuwepo tangu zamani. Usitegemee nguzo zilezile zizae idadi ileile ya baiskeli kwenye mji wa vilima.

London haina bahati hiyo ya udogo. Huko Walthamstow, mashariki ya jiji, majaribio yalianza mwaka 2014, na mwaka uliofuata wapinzani waliandamana wakibeba jeneza kuashiria kifo cha mtaa wao. Barabara ya Orford, yenye maduka na migahawa, iliachiwa waenda kwa miguu, baiskeli na basi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku. Mitaa ya makazi iliyoizunguka iliwekewa nguzo na masanduku makubwa ya mimea. Baada ya mwaka mmoja, watafiti waliwalinganisha wakazi wa maeneo yaliyoboreshwa na wenzao wa maeneo yasiyoguswa. Wa kwanza walitembea na kuendesha baiskeli dakika 41 zaidi kwa wiki, na kati ya hizo 32 zilikuwa za kutembea. Mradi uliosemwa kuwa wa baiskeli uliwanufaisha zaidi wenye miguu yao miwili, na sijui kwa nini jambo hilo halitajwi mara nyingi zaidi.

Hofu ya zimamoto kuchelewa ilikuwa ya haki na ilistahili kupimwa. Ilipimwa Waltham Forest, wilaya ya London yenye Walthamstow ndani yake, na muda wa magari hayo kufika kwenye matukio haukuonekana kuongezeka. Sehemu nyingi za London sasa hutumia kamera inayosoma namba za usajili badala ya nguzo, hivyo gari la wagonjwa linapita na dereva anayekatiza anapelekewa faini.

Na ile barabara kuu? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster ulipitia maeneo 46 ya aina hii jijini London. Ndani ya mitaa, magari yalipungua kwa karibu nusu. Kwenye barabara za mpakani, ongezeko la wastani halikufika asilimia 1. Ila wastani huo umechanganya barabara zilizopungukiwa na magari na zilizoongezewa, na anayeishi kwenye iliyoongezewa hafarijiwi na wastani. Kwake inabidi hatua nyingine: njia ya basi, vivuko zaidi, taa zinazompa mwenda kwa miguu muda wa kutosha kuvuka. Halmashauri inayoweka nguzo mitaani kisha ikaisahau barabara hiyo imefanya nusu ya kazi, na wakazi wake wana haki ya kuidai nusu iliyobaki.