Pakiti isiyo na onyo la karanga, je, ni salama kwa mtoto mwenye mzio?

Kliniki yetu ya lishe huwaomba wazazi wa watoto wenye mzio wa chakula waje na pakiti za vyakula vinavyoliwa nyumbani. Tunazigeuza upande wa nyuma, tunasoma pamoja. Swali halikosi: “Hapa hawajaandika kwamba huenda ina karanga. Basi nimpe?”

Usimpe kwa sababu hiyo peke yake. Orodha ya viambato na onyo la “huenda ina chembechembe” ni vitu viwili tofauti. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka viambato vinavyosumbua wengi, kama karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba, ngano na korosho, vitajwe kwenye lebo. Lile onyo la “huenda” ni hiari ya kiwanda, hata Uingereza na Marekani. Biskuti isiyo na onyo inaweza kuwa imepita kwenye mtambo uleule uliopitisha biskuti za karanga. Kama mtoto aliwahi kupata shambulio kali, mpigie mtengenezaji umuulize. Namba huwa kwenye pakiti.

Maziwa ndiyo hujificha zaidi. Ukiona “whey” au “casein”, hayo ni maziwa. Na maziwa yasiyo na laktosi hayamfai mtoto mwenye mzio wa maziwa: kilichoondolewa ni sukari, protini inayomdhuru imebaki. Soma kila unaponunua, hata chapa uliyoizoea, maana viwanda hubadilisha viambato.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni chakula kisicho na lebo kabisa, hasa unga wa uji wa lishe. Mchanganyiko wake mara nyingi una karanga na soya. Hata ukipeleka mahindi yako matupu mashineni, utazame ule mfuko wa kitambaa uliofungwa kwenye mdomo wa mashine: ukiukung'uta, unadondosha unga wa mteja aliyetangulia. Kama mtoto ana mzio wa karanga, ni heri kumsagia nyumbani. Kisamvu na mboga za kuungwa karanga, uliza kabla ya kupakua. Mwiko mmoja ukipita sufuria mbili unatosha kumdhuru.

Msimwondolee mtoto maziwa au mayai kwa kushuku tu. Apimwe kwanza, la sivyo atakosa lishe bure.

Akivimba midomo au ulimi, akikoroma kifuani, akitapika mfululizo au akilegea baada ya kula, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Piriton hupunguza mwasho, haifungui njia ya hewa. Dawa yake ni sindano ya adrenalini ya paja, na kila dakika ina thamani. Njiani alale, asisimamishwe. Akihema kwa shida, mkalisheni. Na ile pakiti msiitupe, njooni nayo.