Madaraja ya Merritt Parkway hayatenganishwi na miti yake

Merritt Parkway, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ina urefu wa kilomita 60 hivi, na malori hayaruhusiwi kuipita. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1938, yote ikakamilika 1940. Mimi ni mhandisi wa kukarabati zege kongwe, na sijui barabara inayofundisha kazi hii vizuri zaidi.

Madaraja yake, karibu 70, yalisanifiwa na George Dunkelberger kila moja kwa sura yake. Pale Merwins Lane, Fairfield, kingo za chuma zina utando wa buibui na vipepeo. (Jaribu kuomba fedha za kukarabati kipepeo!)

Adui mkubwa ni chumvi inayomwagwa majira ya baridi kuyeyusha barafu. Maji yake hupenya zege hadi kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo huvimba na zege hubanduka vipande. Fundi mwenye haraka huziba tundu kwa saruji yoyote na kupaka rangi. Baada ya muda kutu huanza upya pembezoni mwa kiraka, kwa sababu chumvi imebaki kwenye zege la zamani. Sisi huchimba hadi nyuma ya nondo, tukaisafisha, kisha tukatafuta mchanga na kokoto zinazolingana na zile za awali. Hapo ndipo muda unapokwisha, maana sampuli lazima ikauke kabisa kabla hujaamua. Zege bichi hudanganya rangi. Na kama mfereji wa maji juu ya daraja umeziba, uzibue kwanza, la sivyo maji ya chumvi yataendelea kupenya.

Miti nayo haikujiotea. W. Thayer Chase alipanga mandhari kwa mimea ya asili ya eneo lile. Leo mimea tambazi ya kigeni huinyonga, na miti mikavu huweza kuangukia magari. Ikatwe, sipingi. Ninachopinga ni kukata bila kupanda: daraja lililokusudiwa kuchomoza kati ya majani, ukiliacha peupe, hupoteza nusu ya usanifu wake.

Ndiyo maana nataka mtaalamu wa miti awepo kwenye ukaguzi wa daraja. Kuna mizizi inayosukuma kuta za pembeni, na kuna inayoshika udongo usimomonyoke chini yake. Wakati mwingine ni mizizi ya mti uleule, na hapo tunaweza kubishana hadi jioni.