Ukichangisha kwa kukimbia, usiahidi kumaliza

Kila msimu wa marathoni unapokaribia, wanaanza kufika kwangu wakimbiaji ambao siku nyingine siwaoni. Si watu wa mashindano. Huyu alifiwa na mzazi kwa saratani, yule ana mtoto mwenye selimundu, akaona heri ajiandikishe mbio ndefu achangishe fedha za utafiti. Wanaingia wakichechemea. Ukiwaambia wapumzike wiki sita, jibu ni moja: "Siwezi, watu wameshachanga."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa wakimbiaji hawa naiogopa ahadi kuliko ninavyoziogopa kilomita. Anayekimbia kwa raha zake akiumwa ugoko husimama, kwa kuwa hadaiwi na mtu. Wa mchango anajiona ana deni kwa kila aliyetoa, na zaidi kwa mgonjwa anayemkimbilia. Basi anaendelea.

Shida ni kwamba mwili haujengeki wote kwa kasi moja. Moyo na misuli huitikia mazoezi mapema. Baada ya wiki chache tu unapanda ngazi bila kuhema. Mifupa na kano hutaka miezi. Mfupa ukipata mzigo mpya, seli zake huanza kwa kuondoa sehemu iliyochoka, ndipo nyingine zijenge upya, na katikati ya kazi hiyo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Kwa hiyo ufa wa mfupa humpata mtu wakati ule ule anaojisikia ana nguvu kuliko siku zote, na ameanza kuongeza umbali kwa furaha.

Maumivu ya misuli huenea, na mara nyingi hupungua mwili ukipata joto. Ya ufa hukaa mahali pamoja, unaweza kupagusa kwa kidole kimoja, na huzidi kadiri unavyokwenda. Yakikufuata hadi kitandani usiku, acha kukimbia ukapimwe. Eksirei ikisema huna kitu, usishangilie bado: ufa mchanga mara nyingi hauonekani humo, huonekana kwenye MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Wakinibishia, huwaeleza habari za Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kuikimbia nchi yake kutoka St. John's, mji wa pwani ya mashariki, kwa mguu wa bandia, karibu marathoni nzima kila siku, akitaka dola moja kwa kila Mkanada. Jinsi alivyoutumikisha mwili wake simshauri mtu aige. Ninachotaka wakione ni hesabu ya fedha. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani ilikuwa imefika mapafuni, akasimama karibu na mji wa Thunder Bay. Nchi ilikuwa bado inaendelea mbele yake, na mfukoni zilikuwa zimeingia takriban dola milioni 1.7. Kufikia Februari 1981 zilikuwa zimevuka milioni 24, yaani lile lengo lake lenyewe la dola moja kwa kila Mkanada. Sehemu kubwa ya fedha ilikuja akiwa hakimbii tena.

Kwa hiyo shughulikia maneno ya ahadi yako kabla hujanunua viatu. Epuka mchango wa kulipwa kwa kila kilomita. Omba kiasi kimoja, kilipwe mapema, moja kwa moja kwa taasisi inayofanya utafiti. Andika wazi kwamba unaahidi kujiandaa na kujitokeza, na kwamba fedha zitakwenda kwenye utafiti hata ukiishia njiani. Sijaona bado mchangiaji aliyedai fedha zake zirudi kwa sababu mkimbiaji ameumia. Na nani kasema lazima zile kilomita 42.195 ziishe asubuhi moja? Zigawe kwa mwezi mzima, au mkimbie watu wanne kwa kupokezana. Wachangiaji wengi wanakutazama wewe, hawatazami saa yako.

Siku yenyewe, anayekwenda polepole ana hatari yake: kunywa kupita kiasi. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu ambayo maji mengi huizimua, iliyoshuka chini ya kiwango cha kawaida. Walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa nne ndio walioathirika zaidi. Sodiamu ikishuka sana ubongo huvimba, na watu wamekufa kwa hilo. Kunywa kwa kiu. Usipokee kila kikombe unachonyooshewa.

Ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, iache nyumbani. Najua kwa nini unaitaka: ikufikishe mwisho. Lakini inapunguza damu inayofika kwenye figo wakati joto na jasho vimeshaipunguza, tena inanyamazisha yale maumivu ya kidole kimoja niliyokutajia.