Kipanga na kilaza: kipimo cha akili kinajua nini kuhusu kesho ya mtoto?

Kazi yangu ni kupima watoto. Wengi huletwa na wazazi wao hapa Mbeya mjini, wengine nawafuata shuleni, Mbozi, Rungwe, Makete, hadi upande wa Mafinga. Mwalimu anataka kujua kwa nini mtoto wa darasa la nne bado hasomi. Mzazi anataka namba. Ameiona kwenye simu, amesikia kwamba wenye IQ kubwa, yaani alama kubwa za kipimo cha akili, ndio wanaofanikiwa, na sasa anataka aambiwe mwanawe yuko kundi gani, la vipanga au la vilaza. Nina msimamo kuhusu jambo hili na nauweka wazi tangu hapa: namba ile si uongo, ila kwa mtoto mmoja aliyekaa mbele yangu inasema machache kuliko watu wanavyodhani. Na huku Nyanda za Juu Kusini kuna mambo yanayowapunguzia watoto uwezo wa kufikiri ambayo yako ndani ya uwezo wetu, nasi tunayapita tukibishana nani kazaliwa na nini.

Vipimo hivi vilianzia Ufaransa mwaka 1905. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliokuwa wanaachwa nyuma darasani, ili wasaidiwe. Binet aliwapinga waziwazi waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Aliamini inafundishika, akabuni na mazoezi ya kuifundisha. Alifariki 1911, na kipimo chake kilipofika Marekani kikapewa kazi nyingine. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikitoa upya mwaka 1916 akiamini kwamba kinaonyesha kipaji cha kuzaliwa, na kuanzia 1921 akafuatilia maisha ya watoto kama 1,500 waliopata alama za juu kabisa. Wengi wao walifika mbali: maprofesa, wanasheria, madaktari. Lakini wavulana wawili waliopimwa wakakosa nafasi kwenye kundi hilo, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968. Katika wale 1,500 hakuna aliyeipata.

Kuna wenzangu wanaoichukua habari ya Terman na kusema basi, IQ ni porojo za wazungu. Hapo siko nao. Tarehe 1 Juni 1932, Scotland ilipima karibu watoto wake wote waliozaliwa 1921, zaidi ya 87,000, kwa siku moja na kwa karatasi moja. Karatasi zikahifadhiwa. Miongo mingi baadaye Ian Deary na Lawrence Whalley wakazifukua, wakawatafuta wazee wa eneo la Aberdeen waliokuwa wamefanya mtihani ule wakiwa na miaka 11. Matokeo yao ya 2001 bado yananishangaza: aliyekuwa nyuma ya mwenzake kwa alama 15 utotoni, nafasi yake ya kufikisha miaka 76 ilikuwa asilimia 79 tu ya nafasi ya yule mwenzake. Mtihani wa asubuhi moja ulikuwa na habari ndani yake kuhusu nani angekuwa hai miaka 65 baadaye.

Kwa nini iwe hivyo? Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Pengine mwenye alama za juu anaelewa zaidi maagizo ya daktari na kuacha sigara mapema. Pengine anapata kazi isiyochosha mwili. Na pengine yule mwenye alama za chini aliugua au alikosa chakula akiwa mdogo, na ugonjwa huo huo ukaumiza ubongo na moyo kwa pamoja. Kwa kazi yangu, maelezo haya ya tatu ndiyo yaliyonibana zaidi, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza tuzipe namba uzito wake. Watafiti hupima uhusiano wa vitu viwili kwa tarakimu kati ya 0 na 1: sifuri ni kwamba havihusiani kabisa, moja ni kwamba vinakwenda pamoja bila kuachana. Ukikusanya tafiti nyingi, uhusiano wa alama za akili za utotoni na kiwango cha elimu anachofikia mtu ni kama 0.5. Na aina ya kazi, kama 0.4. Na kipato, karibu 0.2. Ili kujua ni sehemu gani ya tofauti za watu inayoelezwa na kipimo, zidisha tarakimu kwa yenyewe. Kwa elimu unapata robo. Kwa kipato unapata asilimia 4, na asilimia 96 inabaki kwa mambo mengine yote: wazazi, mtaji, afya, mahali ulipozaliwa, bahati, tabia. Hata uhusiano wa kipimo na utendaji kazini, ambao kwa miaka mingi ulitajwa kuwa 0.5, ulipokokotolewa upya na Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 ulishuka hadi kama 0.3. Mwajiri anayewapanga mamia ya waombaji anaweza kupata faida kwa tarakimu kama hiyo. Mzazi mwenye mtoto mmoja haimpi ramani ya maisha ya mtoto huyo.

Halafu kuna upande ambao mitandaoni hautajwi kabisa: shule yenyewe inapandisha alama. Mwaka 2018 Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walikusanya tafiti zenye watu zaidi ya 600,000 wakaona kila mwaka wa ziada wa masomo unaongeza kati ya alama 1 na 5 za IQ. Kwa hiyo anayesema "wenye akili husoma sana" amesema nusu ya habari. James Flynn wa New Zealand naye alionyesha kuanzia miaka ya 1980 kwamba nchi nyingi zilikuwa zinapanda kama alama 3 kila muongo, na kizazi kimoja au viwili ni muda mfupi mno kwa jeni, vile vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, kubadilika. Karibu na sisi, huko Embu, Kenya, nchi ya milima yenye kahawa na mahindi ambayo mtu wa Mbozi asingejiona mgeni, watafiti walilinganisha watoto wa 1984 na wa 1998. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana, na waliyoyataja kama sababu zinazowezekana ni lishe bora, wazazi waliosoma zaidi na familia zenye watoto wachache.

"Lakini si wanasema akili ni ya kurithi?" Wanasema, na kuna ukweli ndani yake. Tafiti za mapacha katika nchi tajiri zinaonyesha kwamba jeni zina mchango mkubwa katika tofauti za alama kati ya mtu na mtu. Kosa ni kuruka kutoka hapo na kusema kwamba tofauti kati ya makundi mawili nayo ni ya jeni. Mwanabiolojia Richard Lewontin alilieleza hili mwaka 1970 kwa mfano ambao mkulima wa huku haulizi mara mbili. Chukua mfuko mmoja wa mbegu za mahindi zilizochanganyika. Nusu panda kwenye udongo mzuri wa Uyole, mbolea ya DAP wakati wa kupanda, urea ya kukuzia, palizi kwa wakati. Nusu panda kwenye shamba lililochoka, bila mbolea. Ndani ya kila shamba ardhi ni ile ile, hivyo bua refu na bua fupi yanatofautiana kwa mbegu. Lakini shamba la kwanza kulizidi la pili ni kazi ya udongo na mbolea, kwa sababu mbegu zilitoka mfuko mmoja.

Richard Lynn, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyetangaza wastani wa IQ wa mataifa na kuziweka nchi za Afrika mkiani, alifanya kosa hilo na jingine juu yake. Jelte Wicherts na wenzake walipopitia kazi yake mwaka 2010 walikuta kwamba sampuli nyingi za Kiafrika zenye alama za juu zaidi zilikuwa zimeachwa nje bila utaratibu unaoeleweka. Naona uchungu kila nikikutana na ramani zile kwenye makundi ya WhatsApp, zimetumwa na Watanzania kuwachekelea Watanzania wenzao.

Sasa tuutazame udongo wetu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta udumavu, yaani kimo kifupi kuliko umri kwa sababu ya lishe duni, kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano. Iringa ni asilimia 57, ya kwanza nchini. Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Hii ni mikoa inayolisha nchi: mahindi, maharage, viazi, maziwa, parachichi. Mgeni akisikia anadhani amesikia vibaya. Anayeishi huku ameona inavyotokea. Mama anaingia shambani alfajiri na mtoto wa miezi minne anaachiwa dada yake mwenye miaka minane pamoja na chupa ya uji wa sembe. Mayai yanakusanywa kwenye tenga kwa ajili ya mnada. Maharage yapo, lakini gunia lina bei. Mtoto anashiba kweli, tumbo limejaa, ila amejaa ugali na viazi mchana na jioni, na ubongo unaojengwa kwa kasi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba itungwe hadi miaka miwili, unakosa protini, madini ya chuma na zinki. Miaka saba baadaye analetwa kwangu aitwe kilaza.

Madini joto (ayodini) ni habari nyingine ya milima yetu. Mvua nyingi huyaosha kutoka kwenye udongo, mazao yakaota bila nayo, na wazee wengi wa huku wanakumbuka rovu shingoni mwa mama au bibi. Upungufu mkubwa wakati wa ujauzito unaumiza ubongo wa mtoto tumboni, na hilo halina ubishi. Kuanzia miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katikati ya miaka ya 1990 ikaja chumvi yenye madini joto. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walitangaza kwamba watoto waliokingwa na vidonge hivyo wakiwa tumboni walisoma kati ya miaka 0.35 na 0.56 zaidi, wasichana wakinufaika kuliko wavulana. Habari ilisambaa duniani. Wengine waliporudia uchambuzi wakiwa na data zaidi, matokeo yao ya 2020 hayakuithibitisha faida hiyo. Hiyo haithibitishi kwamba vidonge havikuwa na faida. Takwimu zilizopo haziwezi kuamua. Nalitaja kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe, na kwa sababu mtafiti anayeipenda jamii yake anatakiwa aseme hata yale yasiyomfurahisha. Chumvi ya kupima isiyo na lebo, ile ya kwenye ndoo pale gulioni, mimi bado nawaambia akina mama waiache.

Kinachobaki ni kipimo chenyewe. Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia, aliwapa watoto wa huko na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli Waingereza walishinda. Kwa waya, ule ambao watoto wetu wanatengenezea magari, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Na huko Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake, Watanzania wakiwemo, waliwapima watoto, wakawapa mafunzo mafupi ya namna ya kulikabili swali, wakawapima tena. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili zilieleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mara ya kwanza.

Mambo haya nayaona mezani. Msichana wa darasa la tatu, Makete. Mbele yake kuna ukurasa wenye maumbo manane na nafasi moja wazi. Achague kati ya sita lipi linaingia. Kidole chake kinakwenda juu ya jibu sahihi, kinasimama hewani bila kugusa karatasi, kisha kinarudi mapajani. Ananiangalia. Kinafanya hivyo ukurasa wa pili, na wa tatu. Amelelewa asijibu kabla mkubwa hajamruhusu, na saa yangu inahesabu. Kwa karatasi ya majibu, amekosa yote matatu. Nilisimamisha saa, tukafanya mifano pamoja, nikamwambia, "Mwanangu, hapa unaruhusiwa kugusa." Baada ya hapo hakunisubiri tena.

Ndiyo maana ripoti zangu haziandiki namba peke yake. Naandika mtoto alipimwa kwa lugha gani, alikula nini asubuhi, alifanya nini alipofundishwa na kupewa nafasi ya pili, na napendekeza apimwe tena baada ya mwaka. Kwa wanaoingia kidato cha kwanza nasisitiza hilo zaidi, maana Kiingereza kinaanza ghafla na mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anaonekana amepoteza akili likizo ya Desemba.

Na kwa mwalimu mwenye watoto themanini ambaye hana muda wala mtu wa kuwapima, naomba haya kabla hajaandika "mzito" kwenye ripoti. Msimamishe mtoto mita sita kutoka ubaoni, azibe jicho moja, asome ulichoandika. Kisha jicho la pili. Simama nyuma yake, mwite jina kwa sauti ya chini. Muulize alikula nini jana jioni na leo asubuhi. Ukikuta tatizo la macho au masikio, mpeleke kituo cha afya au mwandikie mzazi barua wiki hiyo hiyo. Ukikuta njaa, peleka suala la uji kwenye kamati ya shule, na udai uji huo uwe na karanga au maharage ndani.