Zetland ndiyo Shetland: jina lililoponzwa na herufi iliyokufa

Wiki hii nimeulizwa tena swali ambalo sisi tunaoshughulika na ramani kongwe za Uskoti hatulikosi: Zetland iko wapi? Aliyeuliza alikuwa na ramani ya kaunti mkononi, jina limechapwa kwa herufi kubwa, lakini kwenye atlasi ya leo halioni. Orodha ya ramani aliyoitegemea ilikuwa imeziweka Zetland na Shetland kama sehemu mbili. Hilo huniuma, maana mtu anaweza kutafuta kumbukumbu za ukoo miezi mizima akakosa nusu yake kwa sababu hiyo tu. Ni mahali pamoja.

Ni visiwa zaidi ya 100, kaskazini kabisa mwa Uskoti, kwenye latitudo ya nyuzi 60. Vinavyokaliwa na watu ni 16 hivi, na mji mkuu ni Lerwick. Wanorwe waliohamia huko zamani za Wavikingi waliviita Hjaltland, na siri yote imo katika ile hj ya mwanzo. Jaribu kutamka h na y kwa pumzi moja: hya. Sikiliza jinsi ulimi unavyokaribia sh, na jinsi usipoukaza unavyobaki kwenye y. Vinywa vilivyoelekea sh vikatupa Shetland. Vilivyoelekea y vikasema Yetland. Majina mawili, mama mmoja.

Sasa, Waskoti wa enzi hizo waliiandika sauti ya y kwa herufi iliyoitwa yogh. Chora tarakimu 3, ishushe hadi mkia wake upite chini ya mstari: ndiyo hiyo. Mkononi mwa makarani ilikuwa imeshafanana kabisa na z yenye mkia, na hakuna aliyepotea, kwa kuwa msomaji aliijua lugha yake. Anayesoma hati zetu za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ataelewa mara moja: ba ileile ilibeba b, ikabeba p, ikabeba mb, na mwenye lugha akasoma bila kukwama.

Kisha ukaja uchapaji. Walter Chepman na Androw Myllar walianza kuchapa Edinburgh mwaka 1508. Wachapaji wengi hawakuwa na yogh katika seti zao za herufi za risasi, wakachomeka z mahali pake. Yetland ikawa Zetland kwenye karatasi. Vizazi vilivyofuata, visivyoijua yogh, vikasoma z kama z.

Jina hili halikupatwa peke yake. Menzies, kwa Mskoti wa desturi, hutamkwa Mingis. Ndiyo maana mwanasiasa Menzies Campbell, aliyeongoza chama cha Liberal Democrats mwaka 2006 hadi 2007, aliitwa Ming. Dalziel hutamkwa Dii-el. Mackenzie yenyewe ilishindwa: zamani ilikuwa na y, leo kila mtu anaitamka kwa z.

Visiwa hivi viliingia Uskoti kwa rehani. Mwaka 1469 Mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norwe alikuwa akimwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Kwa desturi yao mali ilitoka upande wa bibi harusi, na mfalme hakuwa na fedha taslimu. Orkney, visiwa jirani upande wa kusini, ilikuwa imeshawekwa rehani mwaka uliotangulia; sasa akaongeza Shetland, kwa florini 8,000 za Rhine. Hazikulipwa, na mwaka 1472 Uskoti ikavichukua visiwa moja kwa moja.

Mabaraza ya kaunti yalipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1889, hapa likasimama Baraza la Kaunti ya Zetland, na tahajia ya mchapaji ikawa jina la serikali. Ilidumu hadi mageuzi ya mwaka 1975, baraza jipya liliposhika jina la Shetland. Kwa hiyo hati za baraza, leseni na ramani za kati ya 1890 na 1975 zitafute kwanza chini ya Zetland. Hata meli iliyohudumia visiwa vya kaskazini mwa Shetland iliitwa Earl of Zetland. Barua nazo hazijasahau: msimbo wa posta wa Lerwick ni ZE1.

Neno kuhusu matumizi, kwa wanaoandika na kutafsiri. Wenyeji husema Shetland tu, umoja. Ule wingi wa Kiingereza wenye s mwishoni hawaupendi, na nadhani tuwaheshimu: “visiwa vya Shetland” ni sawa, “Shetlands” si sawa. Zetland ibaki pale unaponukuu hati au unapotaja baraza la zamani.

Na ukichora ramani, usivifungie kwenye kisanduku pembeni. Kwa miaka mingi viliwekwa hivyo, mara nyingi mbele ya pwani ya Moray, hadi watoto wa shule wakadhani viko jirani na Inverness, mji wa Uskoti bara. Sheria ya Visiwa ya Uskoti ya mwaka 2018 inazitaka taasisi za umma huko zivioneshe mahali pake halisi, au zieleze kwa nini zimeshindwa. Ukiviweka mahali pake, utaona kwamba Lerwick iko karibu na Bergen ya Norwe kuliko ilivyo na Edinburgh.